Mhojiwa Namba Arobaini na Saba

Kompyuta haina adabu. Ukiiamuru ichore, inachora, hata kama itakuumbua mbele za watu. Ndivyo ilivyomfanyia Nyamizi Nkuba, mwanafunzi wa saikolojia wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja mjini Iringa, siku ya Jumanne, wenzake kumi na mmoja wakiwa wamejipanga nyuma yake kusubiri zamu zao kwa msimamizi wa utafiti, Dakta Yotamu.

Kwenye kioo kulikuwa na mchoro wa alama za wahojiwa wake: kisanduku kidogo chini kabisa, na juu, mbali na kila kitu, nukta moja.

“Hii nukta ni nani?” Dakta Yotamu aliuliza.

“Ni namba arobaini na saba, daktari.”

“Sikuuliza namba yake. Nimeuliza ni nani.”

Wenzake wakacheka. Nyamizi naye akacheka kidogo, maana asingecheka angeonekana ameumia. Alikuwa amekusanya majibu ya wanawake sitini wa bonde la Usangu, wakulima wa mpunga na wake za wafugaji, ishirini kwa kila kijiji, vijiji vitatu. Maswali yalikuwa tisa, yote kuhusu wiki mbili zilizopita: umekosa usingizi, umekosa hamu ya kula, umejiona huna thamani, mpaka lile la tisa ambalo hata kulitamka ni kazi, la kama umewaza kuwa afadhali ungekufa. Kila jibu lilipewa alama, kuanzia sifuri ya “hapana kabisa” hadi tatu ya “karibu kila siku”. Aliyeumia kuliko wote angefikisha ishirini na saba. Wanawake hamsini na tisa walikuwa chini ya kumi, wengi wao wakizunguka kwenye tano. Namba arobaini na saba alikuwa na ishirini na tano.

“Tazameni wote, msicheke,” Dakta Yotamu alisema. “Mediani, yule wa katikati, hakushtuka. Bado yuko kwenye tano. Lakini wastani umevutwa juu, na mchepuko sanifu, kipimo cha alama zilivyotawanyika, umechanganyikiwa kabisa, kwa sababu ya mtu mmoja. Sasa namba ikijitenga hivi, Nyamizi, maana yake nini?”

“Kuna makosa, daktari.”

“Ama kuna makosa, ama kuna mtu kweli yuko huko juu. Utajuaje?”

“Nitarudi kwenye dodoso lenyewe.”

“Rudi. Ukijiridhisha, uamue. Na Ijumaa, kama ratiba inavyosema, nataka jedwali safi, sitaki tena kuona vitu kama hivi. Anayefuata!”

Nyamizi alitoka na maneno mawili tu masikioni, jedwali safi. Madodoso yalikuwa kwenye boksi chini ya kitanda chake, kazi ya dakika tano kuyachambua. Hakuyachambua. Alikaa kitandani, akafungua kompyuta mpakato ya kuazima, akausoma mstari wa arobaini na saba: mwanamke, miaka arobaini na tisa, mwanachama wa kikundi cha kulimiana, amezaa watoto wanane, walio hai watano.

Hapo alisita. Kijiji kilikuwa cha kwao, na mama yake alikuwa na miaka arobaini na tisa na watoto watano. Lakini mama alizaa watano, na wote wazima, yeye Nyamizi akiwa wa kwanza. Huyu kazaa wanane. Tena mama ndiye mwenyekiti wa kikundi, mwanamke wa kucheka mpaka anajishika mbavu. Ishirini na tano, mama? Nyamizi aliona hata kuwaza hivyo ni kumkosea heshima. Akaamua kwamba ni mtu aliyejibu “ndiyo” kwa kila swali ili kumridhisha mgeni, jambo ambalo vitabu vyao vinalitaja, na akaufuta mstari.

Matokeo yakapendeza. Wanawake walio kwenye vikundi wakaonekana wana huzuni ndogo kuliko wasio na vikundi, tofauti ya wazi, uwezekano wa kubahatisha ukashuka hadi sifuri nukta sifuri mbili. Ndicho alichokuwa akikitafuta tangu mwanzo. Alilala vizuri, na hilo lilimtesa baadaye kuliko mengine yote.

Siku ya pili yake, saa nne asubuhi, baba yake alipiga simu. Mzee Nkuba hakuwa mtu wa simu. Tangu ng'ombe wake wafe kiangazi kilichopita, wote isipokuwa ndama mmoja, hakuwa mtu wa maneno kabisa. Watu walikuwa wakija kumpa pole, wanakaa naye uani kutwa nzima wasije wakamwacha na mawazo yake, na mke wake anawapikia.

“Nyamizi, mama yako anagawa vitu,” alisema bila hata kusubiri shikamoo yake iishe.

“Anagawa vitu gani, baba?”

“Vitenge. Vyote, kabakiza cha kuvaa. Lile sufuria kubwa kampa mke wa Saulo. Nikamuuliza, wewe unahama? Akacheka. Jana kamwonyesha mdogo wako Esther mbegu ya mpunga inakaa wapi, na namna ya kuichagua. Esther wa miaka kumi na moja! Sasa mimi nauliza, wewe kakwambia anaenda kwao Shinyanga?”

“Hapana, baba. Analala?”

“Mimi nitajuaje? Nikiamka yuko jikoni.”

“Baba, nisikilize. Usimwache peke yake leo. Akienda mtoni, nenda naye.”

“Niende mtoni na wanawake?” Mzee Nkuba aliuliza, akiwa hajaelewa, na kwa sauti ya mtu aliyekwishaaibika vya kutosha mwaka ule.

“Nenda, baba. Nakuomba.”

Nyamizi alikuwa amefundishwa ishara hizo muhula mzima. Alizijibu kwenye mtihani, akapata A. Mtu anayegawa vitu vyake, anayeaga bila kusema anaaga. Aliliburuta boksi kutoka uvunguni na safari hii alitafuta kweli, hata karatasi zikamwagika sakafuni.

Dodoso la arobaini na saba halikuwa na mwandiko wake. Lilikuwa na mwandiko wa mviringo wa Alinanuswe, mwenzake wa chumba kimoja, binti wa Kinyakyusa aliyelelewa milima ya nje ya jiji la Mbeya. Sheria ya utafiti ilikataza mtu kumhoji ndugu yake wa damu. Kwa hiyo siku ile kijijini, Nyamizi alimhoji kila mwanamke isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alihojiwa na Alinanuswe. Karatasi ikachanganywa na nyingine ili isijulikane, na Alinanuswe ndiye aliyeingiza madodoso yote ya kijiji hicho kwenye kompyuta. Siri ilitunzwa vizuri mno. Kwenye swali la tisa, namba tatu ilikuwa imezungushiwa duara mara mbili.

Alinanuswe alikuwa nyuma ya bweni akifua. Alipomwona Nyamizi na ile karatasi mkononi, aliacha shati ndani ya beseni na kusimama.

“Ulijua,” Nyamizi alisema.

“Alinishika mkono, Nyamizi. Alisema, mwanangu ana mtihani, usimvuruge. Nikaapa.”

“Miezi miwili! Tunalala chumba kimoja miezi miwili!”

“Tumefundishwa siri ni siri.”

“Tumefundishwa pia swali la tisa halina siri! Mtu akisema ndiyo, unamwambia msimamizi siku hiyohiyo. Hukuwepo darasani?”

“Nilikuwepo.” Alinanuswe alianza kulia, povu bado mikononi. “Niliogopa. Nikajisemea, nikiingiza alama zake, utaona mwenyewe. Ishirini na tano nani asiione? Nikajua utaliangalia dodoso, utaona mwandiko wangu, na mimi nitakuwa sijavunja kiapo.”

Nyamizi hakuikosa ile ishirini na tano. Aliiona, na aliifuta.

“Na hawa wanane?” aliuliza baadaye, kwa sauti ndogo. “Mama amezaa watano.”

“Alisema wanane. Watatu walikutangulia wewe, hawakufikisha hata siku ya mtoto kutolewa nje. Alisema kwenu wa hivyo hawahesabiwi, hawatajwi, basi mtu anazoea kusema watano. Akaniuliza, hii karatasi inataka wote au wale wa kusema? Nikamwambia wote.”

Saa sita Nyamizi alikuwa Ipogolo, kando ya barabara kuu, na basi la Mbeya halikukawia. Kila mtandao uliporudi alimpigia baba yake. Walipofika Nyololo baba alisema mama yuko shambani na wenzake. Walipofika Makambako simu iliita mpaka ikakata. Alikaa na ile simu mkononi hadi Igawa, akiomba Mungu kwa Kiswahili na Kisukuma, na mama mmoja aliyekaa jirani akamuuliza kama amefiwa. Alisema hapana, kisha akapiga tena.

Alipofika nyumbani jioni, mama alikuwepo. Alikuwa anapepeta mchele uani, na alipomwona mwanawe aliweka ungo chini akapiga vigelegele.

“Ng'wanawane, mwanangu! Chuo kimefungwa?”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Huko Iringa hawali?” Akacheka, akamvuta, akampapasa mabega kama anayenunua kuku sokoni. Nyamizi alimtazama usoni akitafuta ishirini na tano. Hakuiona. Aliona meno, na mashavu yaliyoingia ndani kidogo, na macho ambayo hayakukaa mahali pamoja kwa muda mrefu.

Mzee Nkuba alikuwa kwenye kigoda chake, viatu vyake vimejaa tope. “Nilienda mtoni,” alimwambia binti yake kwa kunong'ona. “Wamenicheka sana.”

“Ahsante, baba.”

“Kuna nini?”

Nyamizi akamweleza, kwa maneno machache kadiri alivyoweza. Mzee Nkuba alisikiliza akiwa ameinama. Mwishoni alisema, “Lakini ng'ombe walikuwa wangu,” na alilisema kwa mshangao wa kweli, maana mwaka mzima hakuwahi kuwaza kwamba nyumba moja inaweza kuwa na wagonjwa wawili. Kisha akajifuta uso kwa kiganja. “Mpeleke. Mimi nitabaki na watoto.”

Kesho yake mama hakukataa kwenda Mbeya. Aliambiwa anakwenda kupimwa presha, akasema sawa, akavaa kile kitenge kilichobaki na sweta la Nyamizi, kwa kuwa Mbeya kuna baridi. Kutokukataa kwake kulimtisha Nyamizi kuliko angekataa.

Kwenye dirisha la mapokezi la hospitali, karani mmoja hakuinua macho.

“Tatizo la mgonjwa?”

“Ni la mawazo,” Nyamizi alisema akiinama karibu na kioo.

“Sema kwa sauti, dada, sisikii.”

“Ana huzuni. Huzuni kubwa.”

“Huzuni?” Karani aliinua macho sasa, na foleni nzima ikainua pamoja naye. “Hapa nani hana huzuni? Mimi mwenyewe ninayo. Nataka ugonjwa, niandike.”

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, kwa adabu, kama mgeni anayecheka utani asioufahamu, na akavuta mkono wa binti yake. “Twende tu, mwanangu. Si umeona? Tunawasumbua watu.”

Nyamizi hakuondoka. Alisimama pale dirishani mpaka karani akachoka akamwandikia chumba namba kumi na nne. Huko walimkuta muuguzi wa afya ya akili aitwaye Ikupa, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, na karatasi mbele yake. Nyamizi aliitambua hata kabla hajakaa. Maswali tisa, yaleyale.

“Mama, katika wiki mbili zilizopita, umekosa usingizi?”

“Aa, nalala vizuri.”

“Umekosa hamu ya kula?”

“Nakula. Muulize huyu, mimi kula sijambo.”

“Umejiona huna thamani, au umeiangusha familia yako?”

Mama alimtazama Nyamizi, akatabasamu. “Mwenye mtoto wa chuo kikuu atajionaje hana thamani?”

Wakafika la tisa. Mama alisema hapana haraka, kama mtu anayekataa kuongezewa chai. Ikupa alijumlisha, ingawa hakukuwa na cha kujumlisha. Sifuri.

“Binti, kwa hapa mama yuko salama,” alisema. “Labda ni uchovu.”

“Alipata ishirini na tano,” Nyamizi alisema. “Miezi miwili iliyopita. Maswali hayahaya.”

“Nani alimuuliza?”

“Rafiki yangu.”

“Mbele ya nani?”

Nyamizi aligeuka kumtazama mama. Mama alikuwa ametazama chini, anakunja na kukunjua pindo la kitenge. Alikuwa hajawahi, katika miaka yote ishirini na mitatu, kulia mbele ya mwanawe. Mama yake mzazi, bibi yake Nyamizi, naye hakuwahi kulia mbele yake. Hayo ndiyo malezi aliyopewa, na aliyatunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Nyamizi alielewa, kwa uchungu ambao hakuna mhadhiri aliyewahi kuutaja, kwamba kitu kinachoharibu kipimo mle chumbani ni yeye.

“Nitakaa nje,” alisema.

Alikaa kwenye benchi la korido saa nzima na zaidi. Kwanza hakusikia kitu. Baadaye alisikia sauti ambayo hakuitambua, akadhani inatoka chumba cha pili, mpaka ilipokuja tena. Ilikuwa ya mama yake. Aliziba masikio. Kisha akajiona mwoga, akayafungua.

Ikupa alipotoka alikuwa amevua miwani.

“Tunamlaza,” alisema. “Alikuwa ameshachagua siku. Ni Jumapili hii. Alisema amengoja umalize ile kazi uliyomwambia ni ya Ijumaa.”

Nyamizi alimpita, akaingia kwa mama.

Siku ya Ijumaa hapakuwa na jedwali lolote. Dakta Yotamu alipiga simu mwenyewe, akasikiliza, na mwisho alisema, “Ni mimi niliyekwambia safi. Nisamehe, binti yangu.”

Mama alikuwa kitandani wodini, kajifunika blanketi mpaka kifuani. Dawa zilikuwa zimeanza kumpa usingizi, na uso wake, sasa ulipokuwa haucheki, ulionekana uso wa mtu mwingine, mkubwa zaidi kwa umri. Nyamizi alimlisha uji vijiko vinne. Cha tano mama alikikataa.

“Yule binti alikwambia?” mama aliuliza.

“Hakusema, mama. Alitunza kiapo. Niliona kwenye namba.”

“Namba gani?”

“Yale majibu yanageuzwa alama. Wewe ulipata ishirini na tano.”

“Kati ya ngapi?”

“Ishirini na saba.”

Mama, ambaye hakupata kukaa darasani hata siku moja, lakini alizijua alama za watoto wake wote kwa kichwa, alifikiri kidogo. “Ni nyingi,” alisema.

“Ni nyingi, mama.”

“Na wenzangu? Mke wa Saulo? Mama Esnath aliyefiwa na mume? Wale wote uliowauliza, wamepata ngapi?”

Nyamizi alitaka kudanganya. “Tano,” alisema. “Wengine sita. Wengine tatu.”

Mama aliangalia dari. Chozi moja lilimtoka, likashuka upande wa sikio, naye hakulifuta wala hakugeuza uso, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

“Kumbe ni mimi peke yangu,” alisema. “Nilikuwa nadhani wote tunakuwa hivi, ila tunavumilia. Kumbe wenzangu wako salama. Ni mimi tu.”

Nyamizi alitaka kumfariji, lakini wakati huohuo alikuwa amewaona. Aliwaona wanawake mmoja mmoja, kama alivyowahoji. Mke wa Saulo alijibu akiwa anakoboa, Saulo mwenyewe amekaa hatua tatu pembeni anachonga mpini wa jembe. Mama Esnath alikuwa na wanawe wawili wamemzunguka, wanasikiliza, wanacheka maswali ya mwanachuo. Mwingine alikuwa na mkwe wake. Mwingine, watoto sita. Hamsini na tisa aliwauliza uani, mchana kweupe, mbele ya watu walewale ambao wasingeweza kulia mbele yao, na wote wakasema hapana, hapana, tuko salama, karibu chakula. Yeye akaandika sifuri, akaandika moja, akashukuru, akaenda nyumba ya pili. Ni mmoja tu aliyepelekwa nyuma ya jiko na kuulizwa na mtu baki.

“Sijui, mama,” alisema. “Wewe peke yako ndiye uliyeulizwa faragha.”

Mama aligeuza kichwa kwenye mto, akamtazama, na taratibu akaelewa.

“Basi mke wa Saulo,” alisema. “Nilipompa lile sufuria aliniangalia sana, kama anayejua. Hakuniuliza kwa nini.” Akajaribu kujiinua, akashindwa, akamshika mwanawe mkono kwa nguvu zake kidogo zote. “Nyamizi. Mpigie simu baba yako. Mwambie aende kwa Saulo. Sasa hivi.”